Milembe Mbeba Mafiga

"Nani aliwasha moto wa kwanza hapa?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, mbele ya watu wote wa Itumbiko waliokusanywa pale njia ya misafara inapokatana na reli, na aliyeuliza alikuwa Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa boma, amesimama juu ya sanduku la misumari ili aonekane mrefu. Waliolisikia walikuwa wengi. Waliojua jibu walikuwa wote. Hakujibu mtu.

Nimeanza na swali hilo kwa kuwa limenikaa kooni tangu nilipopata akili. Mnaposimulia habari za katikati ya mji huu, ndugu zangu, mnaanzia kwenye boma, au kwenye stesheni, au kwenye ile nguzo ya Mtaa wa Akida yenye jina lililopakwa rangi upya kila sikukuu, kana kwamba maduka, mikahawa na tanuri za mikate zilishushwa kwenye behewa pamoja na mataruma ya reli. Mimi nakataa. Nami nautaja moto wangu kwanza, kama ada ya watu wa hapa inavyodai kwa kila anayesimama kusema: moto wa jiko la mama yangu ulitoka kwa bibi yangu, wa bibi ulitoka kwa baba yake, Sudi fundi cherehani, aliyeutia katika pasi yake ya mkaa, na wa Sudi ulitoka kwa Milembe. Hapo ndipo tunapofika mwisho, maana nyuma ya Milembe hapa palikuwa na nyasi, fisi na upepo.

Zama hizo, majembe ya nchi hii yalipokuwa bado yakifuliwa na watu wa nchi hii, alikuwapo Nsungu mhunzi, ambaye mlio wa nyundo yake ulivuka mabonde ukawaamsha watu wasiomjua. Nsungu akamzaa Kasanda, Kasanda mwenye viganja vya gome, aliyekigeuza chuma chekundu kwa vidole kama mtu ageuzavyo muhogo jivuni. Kasanda akamwoa Nyanzobe mfinyanzi, ambaye vyungu vyake, walisema waliovitumia, havikuvunjika ila kwa makusudi ya mwenye nyumba. Kutoka kwa moto wa chuma na moto wa udongo akazaliwa mtoto wa kike, na wakunga walishuhudia kwamba hakulia. Waliogopa, wakamsogeza karibu na jiko ili wamtazame vizuri, naye alipoona ulimi wa moto akacheka. Huyo ndiye Milembe binti Kasanda, Mbeba Mafiga, Mlezi wa Makaa, Mgongo-wa-Paa, asiyeteketezwa na asichokiogopa.

Alipokuwa msichana wa kuchumbiwa, reli ikaja, na juu ya reli yakaja majembe kutoka ng'ambo, mepesi, ya bei ya kuku mmoja. Mivukuto ya wahunzi ikanyamaza kijiji baada ya kijiji. Kasanda, ambaye chuma hakikuweza kumchoma, akachomwa na uvivu wa mikono yake mwenyewe. Akakaa kivulini akiitazama mikono hiyo, akafa. Nyanzobe mkewe akamfuata. Ukoo ukakaa kikao ukaamua kwamba binti aolewe upesi, na moto wa tanuru uzimwe, kwa sababu moto usio na kazi ni mdomo wa kulishwa.

Milembe akasikia uamuzi wa ukoo, hakuheshimu hata nusu yake. Akaondoka kabla ya kuolewa, na moto hakuuzima. Akayang'oa mafiga matatu ya mama yake, mawe meusi ambayo kila moja lilikuwa mzigo wa mwanamume mzima. Moja akajitwika kichwani, mawili akayakumbatia kwapani, na chungu cha makaa akakifunga kwa kamba ya ukindu, kamba akaing'ata kwa meno. Hivyo ndivyo alivyotembea kutoka nchi ya wahunzi mpaka penye makutano, moto ukining'inia kifuani mwake kama mtoto anyonyaye.

Vibarua wa reli walipomwona anakuja wakaacha sururu zao.

"Dada," mmoja akamwita, "unahamisha mlima?"

Hakujibu. Wakacheka, wakasema ni bubu, wakasema pengine amerukwa na akili, maskini, tena mzuri. Milembe akatua figa la kwanza, akatua la pili, akatua la tatu, akakitoa chungu mdomoni taratibu, akaumimina moto kati ya mawe. Ndipo akamgeukia yule kibarua.

"Nahamisha mji," akasema. "Una njaa?"

Wote walikuwa na njaa. Biashara ya kwanza ya Itumbiko, nataka mlijue hili vizuri, ilikuwa uji wa mtama katika chungu cha Nyanzobe, ulionywewa kwa zamu kwa kata moja, na wanywaji wakiwa wamechuchumaa palepale ambapo leo mnaegesha pikipiki zenu.

Penye chakula hufika watu, na penye watu hufika kazi. Wa kwanza kuja alikuwa Awadhi Mshihiri, mwoka mikate kutoka Uarabuni, aliyejenga tanuri la udongo akakosa moto wa kuliamsha. Akasimama mbali kidogo kwa adabu akaita, "Hodi jikoni."

"Hodi ni ya mlango," akasema Milembe. "Mimi mlango sina. Chukua."

Hapo ndipo alipoiweka sheria, ambayo haikuandikwa popote na ambayo ilikuwa imara kuliko nyingi zilizoandikwa. Akamshika Awadhi mkono uliobeba kaa akatamka: "Mtoa moto hajitaji. Mpokea moto ndiye kinywa chake. Nikikupa moto sitasema kamwe kwamba nilikupa, wala sitakudai, wala sitakusimanga. Lakini mtu akikuuliza umeutoa wapi, utasema. Asiyesema, moto wake hauna mama."

Awadhi akaapa. Baada yake akaja Sudi fundi cherehani, babu wa bibi yangu mimi... hapana, nisijiongezee ukoo, baba wa bibi yangu. Akatia makaa katika pasi yake, akaapa. Akaja Lugembe mhunzi, mmoja wa wale walionyamazishwa na reli, ambaye sasa alitaka kufua bawaba na minyororo, akaapa huku analia. Wakaja wa mikahawa, wakaja wa kukaanga, akaja hata dobi. Kila moto uliowaka katika barabara ile ulikuwa mtoto au mjukuu wa mafiga matatu, na kila mwenye duka alipoulizwa na mgeni alisema bila kufikiri, "Moto huu ni wa Milembe," kama mtu atajavyo jina la baba yake. Wageni wakaliita eneo lote Majikoni. Hilo ndilo jina la kwanza la katikati ya mji wetu. Mnalo sasa kama jina la utani la mahali pa kula chipsi.

Kisha yakaja masika yaliyovunja madaraja. Mvua ilinyesha hata mto ukasahau kingo zake ukaingia madukani bila hodi. Tanuri la Awadhi likarudi kuwa tope. Pasi ya Sudi ikaelea. Viberiti vya dukani vikawa uji. Jiko moja baada ya jingine likafuka, likatema moshi mweupe, likafa, mpaka barabara nzima ikawa baridi na watoto wakala unga mbichi. Na katikati ya maji hayo, juu ya mafiga yake, Milembe alikuwa ameinama. Aliliinamia jiko kama ng'ombe amkingavyo ndama, mikono imeshika mawe mawili, paji la uso kwenye la tatu, na mvua yote ya mbingu ikapiga mgongo wake ikateremka ubavuni. Chini ya kifua chake, kaa moja lilikuwa likipumua. Nguo ilioza mgongoni. Ngozi ikabanduka. Watu walimpigia kelele kutoka juu ya paa za mabehewa aje wamvute, naye hakuinua uso, maana angeinua uso tone lingepita.

Mvua ilipokata, Itumbiko yote ilikuja imejipanga mstari na vigae mikononi. Akawagawia wote kutoka katika kaa lile moja. Hakusema neno kuhusu mgongo wake. Hakuruhusiwa na sheria yake mwenyewe, nanyi kumbukeni hilo, kwa sababu linarudi.

Mji ukapendeza, na mji ukipendeza hupata wenyewe. Boma likaja na askari, na pamoja na boma akaja Akida Mwinshehe, mtu wa kanzu safi na maneno laini, ambaye uji wa asubuhi wa nyumbani kwake ulipikwa, kama uji wa kila mtu, kwa moto wa Milembe. Akida aliyatazama makutano akayapenda. Akatuma askari wayaondoe mafiga, akisema yanazuia njia.

Askari wa kwanza akalishika figa, akavuta, akavuta tena, kofia ikamdondoka. Wakaja wawili. Wakaja wanne na mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Milembe alikuwa pembeni akichambua mtama.

"Mnalivuta kama mnaliomba msamaha," akawaambia. "Kunyweni uji kwanza."

Wakanywa. Jiwe halikusogea. Akida akaona kwamba kilichoshindwa kung'olewa kwa mikono kitang'olewa kwa njia nyingine, naye alikuwa na subira ya paka.

Siku hizo ghala la pamba la stesheni liliungua. Nani aliliunguza hajulikani, pamba huungua. Akida akapita duka kwa duka na sauti ya huruma, akinong'ona kwamba Bwana Shauri amekasirika, kwamba anamtafuta mtu wa moto, kwamba viboko vimelowekwa tayari. Kisha ngoma ya boma ikapigwa na watu wakakusanywa makutanoni.

Wasichokijua watu, na alichokijua Akida, ni kwamba Bwana Shauri siku ile hakuwa na habari ya ghala. Alikuwa amekuja kupima viwanja. Alitaka kumjua aliyeanza biashara mahali pale ili ampe kiwanja cha makutano kiwe chake na cha uzao wake, na barabara iitwe kwa jina lake, ndivyo walivyoagizwa kwao. Lakini alikuwa mtu wa sauti ya kubweka, hata akikutakia heri ungetafuta pa kujificha. Akapanda juu ya sanduku lake, akabweka:

"Nani aliwasha moto wa kwanza hapa?"

Milembe alikuwa ameketi juu ya figa lake, mbele kabisa, mgongo wenye makovu umewaelekea watu. Akamgeukia Awadhi, kwa kuwa Awadhi ndiye mpokeaji wa kwanza na kinywa chake ndicho cha kwanza. Awadhi akatazama pindo la kanzu yake. Milembe akamtazama Sudi. Sudi akatazama vidole vya miguu yake, navyo havikuwa na kitu cha ajabu. Akamtazama Lugembe, aliyekuwa na kifua cha kubebea nyundo mbili, na Lugembe akatazama kivuli chake. Akauzungusha uso wake kwa watu wote aliowalisha na kuwawashia, taratibu, bila kuruka mtu, na kila alipofika vichwa viliinama kama mtama unaopitiwa na upepo.

Katika kimya hicho Akida Mwinshehe akasogea mbele, akapangusa kanzu.

"Ni mimi, Bwana," akasema.

Basi. Vigingi vikapigwa, na kiwanja cha makutano kikaandikwa jina la Akida. Na jioni hiyo hiyo watu wakajua walichokiuza kwa kunyamaza.

Wakamwendea, Awadhi na Sudi na Lugembe, wakachuchumaa mbele ya jiko kama vibarua wa siku ya kwanza.

"Mama Milembe," akasema Awadhi, "Mungu shahidi, tulikuwa tunakukinga."

"Mlinikinga na nini?"

"Na viboko."

"Mgongo huu mmeuona ukibeba masika," akasema. "Mkadhani utashindwa na kiboko?"

Sudi akajikohoza. "Hatukujua, mama. Tulidhani anatafuta mkosaji."

"Na kama angekuwa anatafuta mkosaji, Sudi, moto ungekuwa wa nani?"

Lugembe akasema kwa haraka kwamba kesho, asubuhi na mapema, wataenda bomani wote watatu wakaseme ukweli. Milembe akasogeza ukuni jikoni.

"Nitangoja," akasema.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo damu yangu inapochemka. Kunyamaza kwa hofu nakuelewa. Hofu hushika ulimi bila kuomba ruhusa. Lakini kesho yake hofu ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na kiboko. Kulikuwa na mwendo mfupi tu wa kwenda bomani na sentensi moja. Awadhi akasema yeye ni mgeni wa nchi, atangulie mwenyeji. Lugembe akasema yeye ni mwenyeji lakini hakupokea wa kwanza, na kumtangulia mkubwa ni utovu wa adabu. Sudi akasema atashona kwanza kanzu ya kwendea. Na kila mmoja, mtaniwia radhi kwa kulitaja, alikuwa ameshapigiwa vigingi vya kiwanja chake mwenyewe, naye hakutaka vigingi viguswe tena. Adabu ilitumika kama shuka la kujifunika. Wakangojana. Bado wanangojana, nikiwatazama vizuri ninyi wajukuu wao.

Najua yupo anayesema moyoni: mbona mwenyewe hakujitaja? Ulimi alikuwa nao. Hoja hiyo nimeisikia kwa wasomi na kwa wauza mitumba, na siku zote anayeitoa hajawahi kuweka sheria yoyote maishani mwake. Milembe angejitaja, sheria ingevunjika kwa kinywa cha aliyeiweka, na kuanzia siku ile kila mtoa moto wa Itumbiko angetoa kwa kudai na kila mpokeaji angepokea kwa hila. Alikipoteza kiwanja ili aiokoe ada. Sisi tulipewa vyote viwili bure, na hatukulinda hata kimoja.

Alingoja mpaka Akida akaanza kujenga. Duka la nguzo nne, la mawe, na kuta zake zikaja moja kwa moja mpaka penye mafiga, zikakwama. Mafundi walichimba, wakachoma, wakamwaga maji. Mafiga hayakusogea. Mwishowe wakaupindisha ukuta ukazunguka mawe, ndiyo sababu duka la kona lina kiuno mpaka leo, na wageni hupiga picha wakidhani ni ufundi.

Siku ukuta ulipopinda, Milembe alisimama. Barabara nzima ilitoka nje, Awadhi na unga mikononi, Sudi na futi ya kupimia shingoni, Lugembe na nyundo. Akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho katika mji alioubeba kichwani:

"Moto mlio nao utabaki kwenu. Mkate wenu utaiva, nguo zenu zitanyooka, chuma chenu kitalainika, kwa kuwa moto haukumkosea mtu. Mafiga yangu nayaacha yawatazame. Lakini swali litakapokuja mtaangalia miguu yenu, ninyi na wana wenu, na mwenye kanzu safi atajibu badala yenu, mpaka atokee kwenu mpokeaji mwenye kinywa."

Akatia kaa moja katika chungu cha Nyanzobe, akaifunga kamba ya ukindu, akaing'ata, akaondoka akifuata reli kuelekea machweo. Dereva wa treni ya mizigo alisema alimpita akitembea kando ya njia, akampigia king'ora ampakie, naye akatikisa kichwa. Alipogeuka nyuma kumtazama aliona moshi mwembamba tu juu ya nyasi. Hakuna kaburi la Milembe. Hakuna kijiji kilichosema amefika. Wanaosafiri nchi za huko husema kwamba kila mji wenye jiko njiapanda una hadithi ya mwanamke aliyekuja bila kusema kitu, na kamba mdomoni.

Sisi ametuachia alama mbili. Ya kwanza ni ukuta wenye kiuno. Ya pili tunayo shingoni. Muulizeni mgeni yeyote aliyewahi kufanya kazi hapa: mtu wa Itumbiko ni mkarimu, mchapakazi, mcheshi, lakini ukisimama mbele ya kundi ukauliza swali, watu wazima wenye ndevu wataanza kuchunguza viatu vyao. Tunafanya hivyo msikitini, kanisani, shuleni, kwenye mikutano ya wazazi. Nilisimama nikauliza swali hapahapa kabla sijaanza kusimulia, kama bado kuna maji ya kunywa, nikaona ndala tu zikitazamwa.

Kesho asubuhi watu wa halmashauri wanaleta tingatinga kuinyoosha kona, ili pawe na maegesho. Mtaimbo ulishindwa, chuma cha sasa sijui. Lakini kabla ya kuchimba, mhandisi wao atawakusanya makutanoni, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, na atauliza: "Mawe haya ni ya nani?" Mwenye duka la kona, kitukuu cha Akida, atakuwepo. Kanzu yake ameshaipeleka kwa dobi, nimeiona imeanikwa. Na mimi, kama mwenyekiti wa mtaa alivyokwisha kunijulisha kwa upole mkubwa, siruhusiwi kusema, kwa kuwa wanaotambuliwa katika mkutano huo ni wenye viwanja, na mimi kiwanja sina. Ninyi mnavyo.

Jina lake ni Milembe binti Kasanda. Mkiulizwa kesho, naomba mmoja wenu alitaje.